Je, Mbwa Aliyeshinda Maonyesho Amethibitishwa Kuwa na Afya?

Msomaji wetu wa Nakuru ameandika: "Daktari, nimeahidiwa mtoto jike wa Bulldog wa Kiingereza mwenye cheti cha nasaba. Baba yake alichaguliwa kuwa bora wa aina yake katika maonyesho ya mbwa, na muuzaji ananiambia kwamba mbwa wa aina hiyo hapewi ushindi kabla ya kukaguliwa na daktari wa mifugo, kwa hiyo vipimo vingine ni kupoteza fedha. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nimuulize nini?"

Ndugu msomaji,

Muuzaji wako ameanza na jambo la kweli, kisha amelivuta hadi mahali ambapo ukweli wake haufiki. Ni kweli kwamba yapo maonyesho ambako mshindi hukaguliwa na daktari wa mifugo, na kwa aina chache za mbwa, Bulldog akiwa mmojawapo, ukaguzi huo ulianza kuwa sharti katika maonyesho makubwa ya Uingereza mwaka 2012. Lakini ukaguzi huo huuliza jambo moja tu: je, mbwa huyu, leo hii, anaonyesha dalili ya wazi ya maumivu au taabu? Swali lako wewe ni jingine kabisa. Unataka kujua kama binti yake atapumua, atatembea na pengine kuzaa bila kuteseka miaka mitatu au minne ijayo, na jambo hilo halionekani kwa kumtazama baba yake pembeni mwa ulingo.

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe kazi ya mwamuzi na kazi ya daktari, kwa maana wauzaji wengi huzichanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa kujua vizuri sana. Mwamuzi humlinganisha mbwa na maelezo rasmi ya aina yake: umbo la kichwa, mpangilio wa meno, mgongo, manyoya, mwendo. Humpapasa kwa mikono, humtazama akitembea na kurudi, kisha huamua, yote hayo kwa dakika chache. Hahitajiki kuwa daktari, na mara nyingi si daktari. Mlangoni nako, pale waandaaji wanapoweka mtu wa kukagua, kinachotafutwa ni magonjwa ya kuambukiza na kadi ya chanjo, hasa chanjo ya kichaa cha mbwa. Huo ni ukaguzi wa kuwalinda mbwa wengine na watu waliohudhuria. Haumhusu mnunuzi wa mtoto wa mbwa hata kidogo. Unaobaki ni ukaguzi wa tatu, ule wa mshindi, ambao ndio muuzaji wako anaoutegemea, na huo una historia inayofaa kusimuliwa kwa sababu inaonyesha ulitengenezwa kwa kusudi gani.

Mnamo Agosti 2008, shirika la BBC lilirusha filamu ya uchunguzi kuhusu hali ya mbwa wa nasaba nchini Uingereza. Miongoni mwa yaliyoonyeshwa ni Cavalier King Charles Spaniel dume ambaye alikuwa amekwisha kupimwa kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, na kukutwa na siringomielia, ugonjwa ambao fuvu lisilo na nafasi ya kutosha kwa ubongo huvuruga mzunguko wa majimaji, na mifuko ya maji ikajitokeza ndani ya neva kuu ya uti wa mgongo. Maumivu yake yanaweza kuwa makali mno. Hata hivyo mbwa huyo alishinda maonyesho ya klabu ya aina yake na akaendelea kupandishwa. Ningekuomba uushike mfano huu kuliko mingine yote nitakayoitaja, kwa sababu hapakuwa na mtu yeyote ulingoni ambaye angeweza kuuona ugonjwa huo kwa macho. Picha ya MRI ilikuwa imeshauona. Utepe wa ushindi ukatolewa vilevile.

Fedheha iliyofuata ilikuwa kubwa. Kuanzia mwaka 2009 BBC iliacha kurusha Crufts, maonyesho mashuhuri kuliko yote ya mbwa, yaliyoasisiwa na Charles Cruft mwaka 1891 na ambayo siku hizi hufanyika Birmingham kila Machi. Ripoti kadhaa za wataalamu zilitolewa, na iliyopata uzito zaidi ni ile ya Profesa Patrick Bateson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, iliyotoka Januari 2010. Kennel Club, chama kinachotunza daftari la nasaba nchini humo na kuendesha Crufts, kilirekebisha maelezo ya aina nyingi ili yasitukuze tena maumbile yaliyopitiliza, na mwaka 2009 kikakataa kuandikisha watoto wanaotokana na kupandishana kwa mzazi na mtoto wake au ndugu wa baba na mama mmoja. Ndiyo, hadi wakati huo waliandikishwa.

Kisha ukaja mwaka 2012. Aina 15 ziliorodheshwa kuwa ndizo zenye matatizo ya maumbile yanayoonekana, na ikaamuliwa kwamba mbwa atakayechaguliwa bora wa aina hizo apite kwanza kwa daktari wa mifugo asiyehusika na maonyesho ndipo athibitishiwe ushindi na kuruhusiwa kushindana katika kundi lake. Siku ya kwanza ya Crufts, tarehe 8 Machi, Pekingese na Bulldog walishindwa. Hadi maonyesho yalipokwisha, sita kati ya hao 15 walikuwa wamenyimwa ushindi: hao wawili, pamoja na Mastiff, Neapolitan Mastiff, Clumber Spaniel na Basset Hound. Wafugaji wengi walikasirika, na baadhi yao wakaunda chama chao cha kupinga utaratibu huo.

Sasa zingatia jinsi ukaguzi wenyewe ulivyofanywa. Daktari hakupewa vifaa vya uchunguzi. Alitakiwa kutafuta dalili ambazo mtu yeyote makini angeweza kuziona: kuchechemea, ngozi iliyowaka kwa uvimbe au harufu mbaya ya mikunjo, macho yenye kidonda au kope zilizopinduka, kupumua kwa taabu. Hakumpiga mbwa picha ya eksirei, hakuchukua damu, hakupima moyo kwa mashine. Kwa hiyo mbwa aliyeshindwa alikuwa na kasoro iliyo dhahiri mno hata tochi ndogo haikuhitajika sana, na aliyefaulu alikuwa hana kasoro ya namna hiyo tu. Kushindwa kulitueleza mengi. Kufaulu kulitueleza machache.

Msimamo wangu ni kwamba utaratibu ule ulikuwa mzuri, ila faida yake ilimwangukia mwamuzi kuliko mbwa. Mwamuzi anayejua kwamba chaguo lake litapelekwa kwa daktari mbele ya magazeti hufikiri mara mbili kabla ya kumwinua mbwa mwenye pua iliyozibwa na mikunjo. Aina zilizo hatarini zimewekwa katika daraja maalumu la uangalizi, na washindi wao katika maonyesho makubwa ya ubingwa hukaguliwa namna hiyo hiyo. Hata hivyo mwaka 2016, German Shepherd aliyechaguliwa bora wa aina yake hapo hapo Crufts alionekana katika televisheni akiwa na mgongo ulioteremka na miguu ya nyuma inayoyumba, na watazamaji wakapiga kelele nchi nzima. Aina hiyo ilikuwa katika orodha ya kukaguliwa, na bado mbwa huyo alifika mbele ya kamera. Kama ukaguzi unaweza kumpitisha mbwa ambaye hata mtazamaji wa nyumbani anamtilia shaka, usiubebeshe mzigo wa kukuhakikishia yaliyo ndani ya mwili.

Nirudi kwa Bulldog wako, na nianze na pumzi, kwa sababu hapo ndipo aina hii inapoumia zaidi. Kichwa cha Bulldog kimefupishwa na uteuzi wa vizazi vingi, lakini nyama za ndani hazikufupika kwa kiasi kile kile. Matundu ya pua huwa membamba, kaakaa laini huwa refu na nene hata likaning'inia mbele ya njia ya hewa, ulimi hujaa mdomoni, na kwa baadhi yao koromeo la hewa lenyewe ni jembamba tangu kuzaliwa. Mbwa huvuta hewa kwa nguvu nyingi kupita njia hiyo, na mvuto huo wa kila siku hulegeza zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, hadi, kwa walioathirika vibaya, kuta zake huanza kuporomokea ndani. Mbwa mwenye tatizo hilo hulala akiwa ameinua kidevu au ameuma mwanasesere ili mdomo ubaki wazi, hutapika povu, huchoka upesi, na katika joto anaweza kuanguka na kufa, kwa kuwa mbwa hupoza mwili wake hasa kwa kuhema.

Ubaya ni kwamba wenye mbwa hawa wameizoea hali hiyo. Utafiti wa Royal Veterinary College ya Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 uliwakuta wamiliki wa mbwa waliothibitishwa kuwa na ugonjwa huu wa njia ya hewa, na zaidi ya nusu yao wakasema mbwa wao hana tatizo la kupumua. Hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wakiamini kwamba kukoroma ni tabia ya Bulldog, na ninakiri kwamba sauti ile huwachekesha wageni. Muuzaji wako naye anaweza kukuambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba baba wa mtoto huyu "anakoroma tu kama Bulldog wote", na maneno hayo yakawa ndiyo dalili yenyewe.

Kwa bahati njema kipo kipimo kinachojibu swali hili vizuri kuliko utepe wowote. Mwaka 2019 Kennel Club na Chuo Kikuu cha Cambridge walianzisha utaratibu wa kupanga pumzi kwa madaraja, kwa kuanzia na Bulldog, French Bulldog na Pug. Daktari aliyefunzwa humsikiliza mbwa kwa stetoskopu akiwa ametulia, kisha mbwa hukimbizwa mbio za polepole kwa dakika tatu, kisha husikilizwa tena. Dakika hizo tatu ndizo siri ya kipimo chote, maana mbwa wengi walioathirika husikika vyema wakiwa wametulia, na ndivyo wanavyokuwa mezani kwa mwamuzi. Matokeo ni daraja 0 hadi 3. Daraja 0 hana dalili. 1 ana sauti ndogo ambazo hazimzuii kufanya mazoezi. 2 anahitaji kufuatiliwa, kupunguzwa uzito na pengine kutibiwa. 3 ana ugonjwa mkali na haifai azalishwe. Mbwa hupimwa akiwa na umri usiopungua miezi 12, na hurudiwa kila baada ya miaka miwili maadamu anazalishwa, kwa sababu hali hubadilika na umri na unene. Hata kama hutampata daktari mwenye cheti cha utaratibu huo karibu nawe, daktari wa mifugo yeyote mwenye stetoskopu na uwanja anaweza kumfanyia mbwa jaribio la namna hiyo na kukuandikia alichokisikia.

Nyonga ni habari nyingine. Kasoro ya kiungo cha nyonga haionekani kila mara katika mwendo, hasa kwa mbwa kijana mwenye misuli, na njia ya kuijua ni picha ya eksirei iliyopigwa mbwa akiwa amelazwa kwa dawa na miguu yake ikinyooshwa ipasavyo. Waingereza huipa kila nyonga alama kuanzia 0 hadi 53, kwa hiyo jumla mbaya kabisa ni 106, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo kiungo kilivyo bora. Marekani wana asasi iliyoanza kazi hiyo mwaka 1966, na katika kumbukumbu zake Bulldog yupo miongoni mwa walio na hali mbaya zaidi: takriban saba kati ya kila kumi waliopelekewa picha wamekutwa na kasoro. Ukiambiwa kwamba baba ana nyonga nzuri, omba alama zilizoandikwa. Neno "nzuri" halina namba.

Kuzaa nako kusisahaulike, kwa kuwa unanunua jike. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mimba za Bulldog ziliishia kwa upasuaji, kwa sababu kichwa na mabega ya watoto ni mapana kuliko nyonga za mama. Kuanzia mwaka 2012 Kennel Club ilikataa kuandikisha uzao wa jike ambaye amekwisha kupasuliwa mara mbili. Hakuna ulingo wa maonyesho unaoweza kukueleza iwapo mama wa mtoto huyu alijifungua mwenyewe au alipasuliwa, na mtu mmoja tu ndiye anayejua: yule anayekuuzia. Kama ulikuwa unapiga hesabu ya kurudisha fedha zako kwa kuuza watoto, weka gharama ya upasuaji katika hesabu hiyo tangu leo.

Vipimo vya vinasaba ndivyo rahisi kuliko vyote, kwani huhitaji mate ya shavuni au damu kidogo, na sampuli inaweza kutumwa maabara ya ng'ambo. Kwa Bulldog, kinachofaa kuulizwa mapema ni kile cha ongezeko la asidi ya yuriki katika mkojo, hali inayosababisha vijiwe kibofuni. Mtoto huathirika endapo amepokea kinasaba chenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo mzazi mmoja akiwa safi, watoto hawataugua, ingawa wanaweza kuwa wabebaji. Hapo unaona kwa nini habari za baba peke yake hazitoshi. Wala usidhani kwamba vinasaba vitamaliza kila jambo: pumzi na nyonga havina kipimo kimoja cha vinasaba cha kutegemewa kwa aina hii, na uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wa mwaka 2016 ulikuta kwamba Bulldog wamebakiwa na utofauti mdogo sana wa vinasaba, kiasi cha kutilia shaka kama wafugaji wanaweza kuwarekebisha bila kuingiza damu ya nje. Moyo husikilizwa na daktari, na ukisikika mnong'ono, hupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti.

Nchi nyingine zimeacha kusubiri wafugaji. Uholanzi tangu mwaka 2019 hupima urefu wa pua kwa kulinganisha na urefu wa kichwa, na mbwa wenye pua fupi kupita kiasi hawaruhusiwi kuzalishwa. Ujerumani, kuanzia Januari 2022, imezuia kabisa mbwa wenye maumbile ya kuwatesa wasionyeshwe. Norway jambo hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2023 iliamua dhidi ya ufugaji wa Cavalier kwa namna uliyokuwa ukifanywa. Kwa Bulldog, rufaa ya mwaka 2022 ilikuwa imewapa wafugaji nafuu. Ninayataja haya ili ujue kwamba shaka yako juu ya utepe si ukorofi wa mnunuzi.

Basi utamuuliza nini? Kwanza omba nakala ya cheti cha nasaba na ulinganishe namba ya chipu (kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) ya baba na ya mama na ile iliyoandikwa katika kila karatasi ya kipimo, kwa sababu matokeo yasiyo na namba ya chipu yanaweza kuwa ya mbwa yeyote. East Africa Kennel Club ya Nairobi ndiyo inayotunza daftari la mbwa wa nasaba kwetu, na unaweza kuwaandikia kuuliza kama mbwa hao wameandikishwa. Lakini elewa kwamba kuandikishwa ni habari ya ukoo; mbwa mgonjwa mwenye wazazi wanaojulikana huandikishwa sawasawa na mzima. Kisha uliza tarehe ya maonyesho yale na umri wa baba siku ile. Mbwa aliyeshinda akiwa na miezi 15 na leo ana miaka mitano amekuwa mbwa mwingine, na afya yake ya leo ndiyo inayokuhusu zaidi.

Halafu nenda ukamwone mama. Jambo hili ni muhimu kuliko karatasi zote. Nenda mchana, saa saba au saa nane, wala si asubuhi kwenye ubaridi wa Nakuru unaowapendeza mbwa wa pua fupi, na uombe atembezwe uani kwa dakika chache mbele yako. Sikiliza kabla ya kutazama. Kisha tazama matundu ya pua kama yamefunguka, mikunjo ya uso kama ni mikavu, macho kama hayatoi machozi muda wote, na kama anaweza kufumba mdomo na kupumua kwa pua akiwa amesimama. Tazama tumbo lake kama lina makovu ya upasuaji, na uulize ni mangapi. Ukikuta kupe wengi, usimkatae mbwa kwa hilo tu, ila mwambie daktari wako apime damu ya mtoto kwa magonjwa ya kupe kabla hujamlaumu kwa uvivu. Huku kwetu homa ya kupe hufanana sana na uchovu wa kawaida.

Muuzaji akikuruhusu kumleta daktari unayemchagua wewe, amana unaweza kulipa baada ya daktari huyo kumsikiliza mama. Akikataa kuwaonyesha wazazi, au akasema mama yuko shamba la mbali kila unapouliza, usilipe chochote, hata akikutolea nyara za maonyesho zikiwa mezani. Na ikiwa mtoto huyo utamchukua, mweke mwembamba, kwa kuwa unene huiharibu pumzi ya Bulldog kwa haraka, na kama una safari ya Mombasa naye, safirini usiku. Akitimiza mwaka mmoja, mfanyie jaribio la pumzi la dakika tatu na picha za nyonga kabla ya kufikiria kumzalisha. Usimpandishe kabla ya hapo, hata kama joto lake la kwanza limeshapita na mwenye dume anakupigia simu.